Dakika Moja ya Kelele

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye magari na waendao kwa miguu, ya kwamba Marehemu Mhandisi, mwasisi wa mfumo wa kunyunyizia mafuta ndani ya injini, taa ya karakana, nguzo ya ukoo na fahari ya chuo, aliishi, akafanya kazi, akafariki, na katika maisha yake yote hakuwahi kufaulu mtihani wa udereva. Safari ya mwisho alipojaribu, mkaguzi alishuka gari likiwa bado linakwenda.

Nozeli alisoma maneno hayo kwa sauti ya msiba, amesimama juu ya stuli ya jikoni, kiganja kifuani kama waziri anayekula kiapo. Alipomaliza aliinama taratibu, akasubiri makofi. Mama yake, aliyekuwa akipiga pasi gauni jeusi, hakuinua macho. Aliyejibu ni Mjomba, ambaye alikuwa mezani akijipimia tai mbili mbele ya kioo cha mkononi.

"Hiyo husomi," alisema. "Utasoma ile tuliyokupa."

Ile waliyompa ilitoka kwa Kamati ya Kumbukumbu ya Chuo cha Ufundi. Ilikuwa na shukrani kwa Mkuu wa Chuo, shukrani kwa kamati, shukrani kwa waliotoa viti, na karibu na mwisho, pale ambapo wasikilizaji wengi huwa wamekwisha kukata tamaa, ilimtaja Bibi, marehemu mwenyewe.

Jina la Nozeli alipewa na Bibi huyohuyo. Nozeli ni kile kidude chenye tundu dogo ambamo petroli husukumwa kwa nguvu, ikatoka upande wa pili imekuwa ukungu. Bibi alisema mjukuu wake naye ukimtia neno moja sikioni, hulitoa mdomoni likatapakaa nyumba nzima. Wazazi walidhani shule ya bweni itamponya. Shule ilimwongezea hadhira tu. Muhula uliopita alisimama nyuma ya mlango wa bwalo, akaiga sauti ya matroni, akatangaza kwa masikitiko kwamba siku inayofuata sare zitavaliwa nje-ndani kwa ajili ya ukaguzi wa mishono. Nusu ya shule ilitii, pamoja na mwalimu mmoja.

Basi mtoto huyo ndiye aliyechaguliwa kusoma neno la familia, kwa sababu moja tu: sauti yake ilifika nyuma bila kipaza sauti.

Mjomba, ili kumlainisha, alimwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya kibao cha shaba ambacho kesho kingefunuliwa mbele ya wageni, kikae ukumbini milele chini ya injini ya Bibi. Nozeli alisoma. *Injini ya Ndoto. Haikuwahi kuwaka, lakini iliwasha mioyo yetu.*

Alisoma tena. Akashuka kwenye stuli.

"Umekubali waandike hivi?"

"Mwanangu, ukumbi mzima utaitwa kwa jina lake," alisema Mjomba. "Watu wanajengewa vibanda vya basi wanashangilia. Sisi tumepewa ukumbi."

"Ukumbi wa mtu aliyeshindwa."

"Nani kasema alishindwa? Wameandika ndoto."

Ili kuelewa kwa nini neno hilo lilimchoma, lazima ijulikane ilikuwaje. Zamani Bibi alipokuwa mhandisi kijana pale chuoni, magari yote aliyoyajua yalitumia kabureta, na kabureta ni kitu cha kungoja: hewa ipite kwanza, iivute petroli, nayo petroli ifuate ikijisikia. Bibi hakupenda kungoja. Alisema injini ni mtu mzima, ipelekewe chakula chake kwa kipimo na kwa wakati. Akaunda pampu, akaunda nozeli, na akaongeza kitu ambacho wenzake walikicheka: bomba la pili, la kurudishia, lililochukua petroli iliyozidi pamoja na hewa na vipovu vyake na kuirudisha kwenye tangi. Wenzake waliuliza ni mpishi gani anayepakua chakula kisha akakirudisha chunguni. Bibi alijibu kwamba ni yule asiyetaka wageni wavimbiwe.

Siku ya kuijaribu ilipangwa. Kisha wageni wakubwa wakatangulia kuja, na siku ikaletwa karibu, na kwenye siku hiyo mpya Bibi alikuwa wodini akimzaa mama yake Nozeli. Vijana wa chuo wakaijaribu bila yeye. Kwa kuwa walikuwa mafundi wazuri, walifanya kile ambacho fundi mzuri hufanya kabla ya kuwasha: walifunga kila koki waliyoiona, ili petroli isipotee. Walifunga na ile ya bomba la kurudishia. Hewa ikakosa pa kutokea. Injini ilikohoa mara moja mbele ya wageni, ikanyamaza, wageni wakaondoka.

Bibi aliporudi na mtoto mgongoni, aliuliza swali moja tu: koki ya kurudishia ilikuwa wazi au imefungwa? Walipomjibu aliwaambia warudie. Walimwambia mradi umefungwa na kwamba yeye sasa ana kazi nyingine ya kulea. Mmoja wa vijana hao, aliyeshika mrija wa kumiminia petroli siku ile, ndiye Mkuu wa Chuo wa leo. Bibi aliacha kazi, akafungua karakana nyuma ya nyumba, akatengeneza pampu za watu mpaka vidole vikakataa.

Injini ilibaki chuoni, ndani ya sanduku la kioo. Kila mwaka Bibi alikwenda kuitembelea na kopo la oili, kama mtu aendaye kumwona ndugu hospitalini. Mtunza ukumbi, ambaye watu walimwita Mzee wa Funguo, alimfungulia kioo. Bibi aliitia oili, akaizungusha kidogo kwa mkono ili isigande, akaifunika. Petroli hakuwahi kuitia.

Na hapo ndipo Mjomba alipochomeka mwiba wake, akiwa bado ameshika tai.

"Nikuulize wewe uliyekaa naye karakanani," alisema. "Kama ingewaka, si angeiwasha mwenyewe? Miaka yote ile anaipaka oili kama mtoto mchanga. Kiberiti kilimshinda nini?"

Chumba kilinuka kuungua. Pasi ya Mama ilikuwa imesimama mahali pamoja juu ya gauni jeusi, na Mama alikuwa akiitazama bila kuiona. Tangu utoto wake shangazi zake walimtania kwamba alizaliwa siku injini ilipokufa. Walisema wakicheka, naye alijifunza kucheka nao, lakini hakuwahi kukanyaga karakana ya mama yake isipokuwa kupeleka chai.

"Gauni, dada," alisema Mjomba.

Mama aliinua pasi.

Asubuhi Nozeli alijitolea kwenda mapema ukumbini kupanga maua na kuisugua injini. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mtoto anayeagizwa kazi huangaliwa kidogo; anayejitolea huangaliwa sana. Lakini mwishowe alimpa nauli na kitambaa safi.

Mzee wa Funguo alimsaidia kuondoa kioo, akamwambia kitakaa pembeni mpaka jioni kwa sababu wageni watataka kupiga picha. Injini ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, imefungwa kwa boliti juu ya meza ya chuma, bomba la moshi likielekea viti vya mbele. Chini ya meza kulikuwa na hendeli yake ya kuzungushia, imefungwa kwenye gunia lenye oili. Haikuhitaji betri, cheche zake zilitokana na kule kuzungushwa. Ilihitaji mkono tu na mtu asiyeona haya.

Nozeli aliizungusha kidogo. Ilizunguka laini kama mlango wa nyumba inayokaliwa.

Kisha akatoa begani mkoba, na kutoka mkobani chupa ya shampuu. Chupa hiyo ilikuwa na historia ndefu bwenini, ilikokuwa ikisafirisha sukari. Leo ilikuwa imesuuzwa, imekaushwa na kujazwa kitu kingine. Alipoimimina kwenye tangi la injini, Mzee wa Funguo, aliyekuwa akihesabu viti, aliinua pua.

"Shampuu yenu siku hizi ina nguvu," alisema.

"Ni ya nywele ngumu, babu."

"Naona." Akachukua viti viwili, akaenda kuvipanga upande wa mbali kabisa, ambako tayari vilikuwa vimetosha.

Hadi hapo Nozeli alikuwa shujaa. Kisha akafanya jambo ambalo asingelitangaza popote. Alitoa mkobani spika ndogo, ile ya kusikilizia muziki, akaizamisha katikati ya maua ndani ya chombo kilichosimama kando ya injini. Simuni mwake kulikuwa na mngurumo mzito wa dakika mbili. Bonyezo moja tu, na ukumbi ungetikisika hata kama injini ingekataa. Alijiambia ni akiba. Fundi mwangalifu huwa na akiba. Lakini alipokuwa akiyanyoosha mashina ya maua juu yake, alijua kwamba anafunika swali la Mjomba, na kwamba yeye mwenyewe hana jibu lake.

Ukumbi ulijaa. Viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vyeupe vyenye mafundo mgongoni, ungedhani vyenyewe ndivyo vinavyofunga ndoa. Wanachuo walikaa nyuma, kamati ikakaa mbele, familia ikawekwa pembeni mahali panapoonekana vizuri kwenye picha. Nozeli alisimama kando ya injini ameshika shada la maua, kazi aliyoiomba kwa unyenyekevu wa kutia shaka. Neno la familia lilikuwa limepangwa baada ya dakika ya ukimya, na kibao baada ya hapo. Kilikuwa tayari mahali pake, chini ya kitambaa chekundu.

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kusoma matokeo ya mitihani. Alisema Marehemu alikuwa mbele ya wakati wake. Alilisema hilo mara nyingi, mpaka Nozeli akaanza kujiuliza kama huo wakati uliwahi hata kuvaa viatu ukamfuata. Alisimulia siku ya majaribio. Alisema walijitahidi kwa mikono yao, wakaona kwa macho yao, haikuwaka. Lakini, alisema, kuthubutu ni ushindi. Watu walipiga makofi. Mama alitazama mapaja yake, mahali ambapo gauni lilikuwa na alama ya pasi aliyoificha chini ya mkoba.

"Sasa tusimame," alisema Mkuu. "Tuinamishe vichwa, tufumbe macho, tumkumbuke kwa dakika moja ya ukimya."

Hakuna saa ambayo mtukutu huipenda kama ile ambayo watu wazima wamekubaliana kufumba macho. Nozeli aliweka shada sakafuni. Akafungua koki ya kurudishia mpaka mwisho, akashika mkono wa pampu, akaanza kuisukuma taratibu, sikio ameligandamiza kwenye tangi. Ndivyo Bibi alivyomfundisha karakanani: macho hudanganywa na kilichong'aa, sikiliza. Mwanzoni bomba lilitema vipovu, hewa ya miaka mingi ikirudi kwao. Akasukuma. Vipovu vikapungua. Kisha sauti ikawa moja, nyembamba, ya petroli inayorudi tangini bila kukatika.

Alichomeka hendeli, akazungusha.

Injini ilikohoa. Mtu mmoja katika safu ya pili, macho yamefumbwa, alinong'ona, "Pole."

Akazungusha tena. Hakuna. Akazungusha kwa mikono miwili, mpaka bega likalia. Hata kikohozi hakikutoka. Jasho lilimwingia machoni, na pamoja na jasho likaja swali lililovaa tai. Kama ingewaka, si angeiwasha mwenyewe? Labda Bibi alijua. Labda ndiyo maana alikuja na oili tu na kuondoka, kwa kuwa mtu anaweza kuishi na injini ambayo haikujaribiwa sawasawa, lakini si na iliyojaribiwa sawasawa ikakataa.

Mkono wake ukaingia mfukoni, ukaishika simu. Kidole kikakaa mahali pake. Bonyezo moja. Bibi angeshinda, kamati ingeruka, na hakuna ambaye angejua.

Ila yeye angejua. Kibao kingesema uongo wake kwa shaba, naye angejibu kwa uongo wa spika, na katikati ya waongo wawili Bibi angebaki palepale alipokuwa. Akaachia simu. Akaikodolea macho injini kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyomtukana, na hapo akaona koki.

Ilikuwa wazi. Wazi kabisa, kama alivyoiacha. Karakanani angekuwa amekwisha kupigwa kifundo cha kidole kichwani: fungua yote utoe hewa, kisha rudisha nusu, la sivyo petroli yote itakimbilia nyumbani na nozeli zitabaki na kiu. Vijana wa zamani walikosa kwa kuifunga yote, na yeye, mjukuu, mwanafunzi pekee wa Marehemu, alikosa kwa kuiacha wazi yote. Nozeli alitamani ardhi immeze. Badala yake aliizungusha koki hadi nusu, akatema mate kwenye viganja, akaivuta hendeli kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

Injini iliwaka.

Haikuwaka kwa adabu. Ilifoka, ikatikisa meza ya chuma, ikapuliza moshi wa buluu wa oili ya miaka yote moja kwa moja kwenye nyuso za kamati. Karatasi za Mkuu ziliruka. Bilauri ya maji ilitembea juu ya meza kuu, ikafika ukingoni, ikajitupa. Wageni walifumbua macho, wa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakapanda viti kuona. Nozeli alisimama kando yake akiwa mweusi wa masizi mpaka kwenye kope, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Mama peke yake ndiye aliyebaki ameinamisha kichwa, macho amefumba, akisikiliza.

Petroli ilikuwa ya chupa moja tu, na tena chupa haikumiminwa yote. Punde mlio ulipungua, ukakatika, ukumbi ukawa kimya kuliko ulivyokuwa kabla. Na katika ukimya ule, chombo cha maua kilichokuwa kikisogezwasogezwa na mtikisiko kilianguka. Maji yakatapakaa. Kutoka kwenye maua ikabingirika spika ndogo, ikaenda kusimama kwenye kiatu cha Mkuu wa Chuo.

Mkuu aliinama, akaiokota. Ilichuruzika maji. Uso wake, uliokuwa umepoteza rangi, ukaanza kuirudisha kidogo kidogo. Akasogea kwenye kipaza sauti, akaeleza kwa upole kwamba wageni wasiwe na hofu, kwamba mjukuu wa Marehemu ni mcheshi na mjomba wake alikwisha kumdokeza, na kwamba muziki waliousikia umetoka humu. Akaiinua spika juu. Watu wa nyuma, ambao walikuwa wamesikia tu, walicheka kwa nafuu. Mmoja wa mbele, akiwa bado anafuta macho, aliuliza kuhusu moshi. Mkuu alisema siku hizi hata moshi unauzwa madukani.

Nozeli alisema ni injini iliyowaka. Alisema tena kwa sauti zaidi. Mwanamke mmoja wa kamati alimpigapiga bega kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Hapo Nozeli aligundua jambo ambalo matroni alikuwa amemwambia mara nyingi naye akaliona kama methali tu: ukishawavalisha watu sare nje-ndani, siku ukiwaambia shati linawaka watatabasamu. Mkono wa Mkuu ulikuwa umekwisha kushika ncha ya kitambaa chekundu.

Ndipo Mama alipotoka kwenye safu ya familia.

Alitembea bila haraka, mkoba ameuacha kitini, alama ya pasi ikionekana na kila mtu. Alifika kwenye injini, akaweka kiganja chake chote juu ya kichwa cha silinda. Akakitoa upesi. Akakitazama, kisha akakigeuza ili Mkuu naye akione. Kilikuwa chekundu.

"Weka mkono hapa," alimwambia.

"Mama, tuko nyuma ya ratiba."

"Mimi niko nyuma yake tangu nizaliwe," alisema Mama. Hakuinua sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kilimpenda. "Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba nilizaliwa siku injini hii ilipokufa. Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwa wodini. Weka mkono, uniambie kama imekufa."

Ukumbi ulingoja. Mkuu aliangalia kamati, kamati ikaangalia dari. Mwishowe aliachia kitambaa, akanyoosha vidole viwili kwa tahadhari, akagusa chuma, akavirudisha kama aliyeumwa. Akabaki ameshika vidole vyake. Kwa muda alionekana kijana sana, kijana aliyeshika mrija wa petroli.

"Koki," alisema polepole, sasa si kwa wageni tena. "Ile ya kurudishia."

"Nusu," alisema Nozeli. "Unaitoa hewa kwanza, kisha nusu."

Walio mbele walisikia, wakawapitishia walio nyuma, na mnong'ono ukapita kwenye viti vyeupe. Lakini Mkuu hakuwa mtu wa kushindwa mara mbili kwa siku moja bila kuuliza. Aliinua spika, safari hii si kwa kuchekesha.

"Basi nieleweshe. Kama injini iliwaka yenyewe, hii ya nini? Ni ya nani?"

Mnong'ono ulikoma. Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa na makali. Nozeli aliona vichwa vikimgeukia, na katika kila uso aliona shaka ikirudi na kuvuta kiti. Bwenini kulikuwa na sheria moja ambayo hata vitanda viliijua: usikiri, hata ukikutwa na kijiko mdomoni. Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena mzuri: kwamba spika ni ya chuo, imesahauliwa na wanachuo waliopanga muziki. Wangeamini kiasi. Na kiasi kilekile ambacho wasingeamini kingeangukia juu ya injini.

Mama alikuwa akimtazama, kiganja chekundu amekishika kwa mkono wa pili.

"Ni yangu," alisema Nozeli.

Ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakujua mtu huanzia wapi.

"Niliiweka mimi asubuhi. Simuni mwangu kuna mlio wa lori la taka, nimeurekodi jana dirishani. Sikuupiga. Simu hii hapa, angalieni wenyewe, lori limekaa kimya tangu jana." Aliitoa, akaiweka juu ya meza ya chuma, karibu na silinda iliyokuwa bado inatoa mvuke. "Niliiweka kwa sababu niliogopa haitawaka. Bibi alinifundisha hii injini tangu sijui kusoma. Alinipiga vifundo kwa ajili ya hiyo koki. Na jana mtu aliniuliza swali moja tu jikoni, nikaenda kumtafutia lori."

Katika safu ya familia Mjomba alianza kuichunguza tai yake.

"Kosa langu ni hilo," alisema Nozeli, "na nimemkosea yeye. Ninyi sijawakosea. Kwa kelele siombi radhi, kwa moshi siombi radhi. Adhabu ipo nyumbani na ipo shuleni, nitazila zote mbili. Lakini hicho kibao kikifunuliwa jinsi kilivyo, nitaiwasha tena kila mtakapofumba macho."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa Funguo, kutoka upande wa mbali wa viti, alikuja, akaondoa kitambaa chekundu pamoja na kibao chake, akavibana vyote kwapani, akarudi alikotoka. Mkuu hakumzuia.

Mama alisogea, akamfuta Nozeli masizi kwenye jicho moja kwa kidole gumba. Alitaka kusema kitu. Lakini Mjomba aliwahi, kwa sababu alikuwa amekaa muda wote huo akipiga hesabu, na hesabu ilikuwa imemfikisha mahali pabaya.

"Ngoja kwanza," alisema. "Petroli umeitoa wapi?"

Nozeli aliangalia mlango. Ulikuwa umezibwa na wanachuo. Akaangalia dari, ambako kamati ilikuwa haijaona kitu, naye hakuona. Akakiri, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kuzoea.

"Kwenye gari lako, Mjomba," alisema. "Na kwenye chupa imebaki ya kuiwasha mara moja nyingine."